Baiskeli Fupi Iliyonifikisha Ukweni

Aibu ni yangu, kwa hiyo naomba niisimulie mwenyewe, maana nimeisikia huko mtaani kwetu Buyenzi, Bujumbura, ikisimuliwa na watu ambao siku yenyewe hata hawakuwepo, na kila mmoja anaongeza chumvi yake: wengine wanasema niliruka ukuta, wengine wanasema nilitua kwenye sufuria ya pilau, na yupo mmoja (namjua, na anajua kwamba namjua) anayeapa kuwa nilifika ukweni bila suruali. Uongo mtupu. Ukuta haukuwepo, ulikuwa ua wa maua. Pilau haikuguswa. Na suruali nilikuwa nayo, sehemu kubwa.

Kwanza muelewe kwamba mimi ni mrefu, na sisemi mrefu wa kusifiwa na mashangazi, nasema mrefu wa kuitwa na mtaa mzima balbu zikiungua. Nilikuwa fundi redio, lakini nadhani nimebadilisha balbu nyingi kuliko redio nilizotengeneza, na sijawahi kupewa kiti cha kupandia. Ndivyo nilivyompata Zaituni. Alikuwa anauza vitambaa katika duka moja mjini, balbu ikaungua, wakaniita, nikaingia na kujigonga paji la uso kwenye fremu ya mlango mpaka kofia ikarudi nje barabarani, duka zima likacheka, wateja kwa wauzaji, naye akacheka kuliko wote, akanishikia balbu mpya kwa mikono miwili akiwa amesimama kwa vidole vya miguu ili anifikie. Kwa sababu Zaituni ni mfupi. Mfupi kweli. Shangazi yake alituona siku moja tunatembea, akasema (nilimsikia, watu hudhani huku juu sauti haifiki) kwamba nafanana na mtu aliyedondosha kitu chini na bado anakitafuta.

Neno hilo liliniingia. Likumbukeni, maana ndilo lililonunua baiskeli.

Basi tukapangiwa siku ya kwenda kuomba mchumba. Baba yake, Mzee Hamisi, alikuwa mtu wa kutoa mizigo bandarini, Mswahili wa Buyenzi kama sisi, lakini kazi ilimnyookea akahamia Kiriri, kule mlimani kwenye nyumba zenye maua na mageti. Na ilikuwa miaka ya vita, tena ile miaka ya embargo, majirani wametufungia mipaka, petroli inauzwa kwa chupa kama dawa ya kikohozi, na kukodi gari la kubeba wazee kwenda Kiriri na kurudi kabla ya saa ya kutotembea usiku ilikuwa ndoto. Baba Mkubwa Yusufu, ndugu mkubwa wa baba yangu, ambaye ndiye angekuwa msemaji wetu, akakata shauri: "Tutaenda na kinga. Wote. Kinga si aibu." (Kinga ndiyo baiskeli, kwa Kiswahili chetu cha Bujumbura.)

Wajomba wote walikuwa na kinga zao. Mimi sikuwa nayo, kwa nini niwe nayo, na miguu hii?

Nikaenda kwa Kasimu, muuzaji wa kinga za okazyo, zile zilizochoka Ulaya zikaja kuanza maisha upya kwetu, zikipitia mpakani Gatumba kwa njia anazozijua yeye. Alikuwa nazo mbili zile za milimani, zenye gia na matairi manene yenye meno. Moja ilikuwa kubwa, ya kahawia, imekwaruzwa kila mahali. Nyingine ndogo, nyekundu, inang'aa. Nilipanda ile kubwa kwanza na sitawaficha, ilinikaa vizuri sana, mguu unanyooka unapofika chini, mikono imetulia, mgongo hausemi kitu. Tatizo ni kwamba ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la dawa lenye kioo kikubwa, nikajiona. Kichwa changu kilikuwa juu ya bango la duka. Na mtu mmoja aliyekuwa anapita na gunia lake akaniuliza, "E bwana, huko juu mvua imeanza?"

Watu wakacheka. Nikashuka.

Nikapanda nyekundu. Magoti yalikuja karibu na kidevu, nakiri, na nilipogeuza usukani uligonga goti, lakini nilipotazama kioo niliona kitu ambacho sijawahi kukiona maishani: kichwa changu kilikuwa sawa na vichwa vya watu. Nikamwona Zaituni ubavuni pangu, nikamwona shangazi yake amekosa la kusema.

"Hii ni ndogo kidogo," nikamwambia Kasimu, kwa sauti ya mtu anayeomba kubishiwa.

"Ndogo? Hii iko saizi yako kabisa!" akasema. "Kiti kinapanda, usukani unapanda, kila kitu kinapanda."

Akavuta chuma cha kiti kikapanda mpaka ukatokea mstari uliochorwa.

"Na huu mstari?"

"Mustari gani?"

"Huu. Unaonyesha mwisho."

"Hiyo wameandikia Wazungu, sha. Wao wako wazito." Akavuta tena, na chuma kilipokwisha akachomeka kipande cha bomba la maji, akakaza, akapiga kiti kofi. "Ona. Sasa iko ndefu na iko fupi. Unataka nini tena?"

Sikutaka kitu tena. Nikalipa.

Sasa, kabla hatujapanda Kiriri, niwaeleze desturi yetu kwa wasioijua, maana bila hiyo hamtaelewa nilivyoteseka. Siku ya kuomba mchumba, anayeoa haongei. Anakaa, anatazamwa, basi. Kila upande una msemaji wake, na upande wa msichana kazi yao ni kuuliza maswali ya kutega, na msemaji wenu lazima awe na jibu, tena jibu tamu, na akikwama mnarudi nyumbani mkajipange upya, na kurudi nyumbani miaka ile hakuna aliyejua kama kutakuwa na siku nyingine ya kujipanga. Baba wa msichana naye haongei. Akiwa na swali anamnong'oneza msemaji wake. Anayekosea anatozwa faini ya soda. Kwa hiyo mimi siku hiyo nilikuwa na kazi moja tu: kufika, kukaa, kunyamaza.

Tulitoka baada ya sala ya adhuhuri, wajomba wamevaa kanzu na kuzifunga kiunoni zisiingie kwenye cheni, mimi suti ya kijivu, suruali nimeichomeka kwenye soksi. Kwenye tambarare nilikuwa nimeshapata ufundi wa ile nyekundu: ukitaka kukata kona, panua magoti kwanza, usubiri yatoke njiani, halafu geuza. Polepole inawezekana. Tulipofika kwenye kizuizi cha askari chini ya mlima, wakatazama vitambulisho vya wazee, halafu mmoja wao akaniona mimi.

"We murefu. Panda tena tuone."

Nikapanda, nikazunguka. Akawaita wenzake.

"Rudia."

Nikarudia. Siku zile usiku kucha milio ya risasi inatoka huko vilimani, ukimwona askari anacheka unamshukuru Mungu, kwa hiyo nilizunguka kwa moyo wangu wote, nikawaongezea hata raundi ya kushika usukani kwa mkono mmoja, huku Baba Mkubwa Yusufu amesimama pembeni anaangalia saa yake na kuvuta uradi kwa kasi isiyo ya kawaida.

Wakatuachia tumechelewa. Kiriri haipandiki kwa kinga, tukasukuma (na baiskeli fupi hata kuisukuma kunataka mtu mfupi, mgongo uliniuma kuliko miguu), mpaka tukaiona nyumba, geti liko wazi, na uani wamefunga shitingi kubwa, lile turubai la plastiki lililokuwa kila mahali miaka ile, wamelinyoosha juu ya nguzo za miti kuzuia jua, na watu wa Mzee Hamisi wamekaa chini yake wamependeza. Mimi nikawa naelekea getini. Baba Mkubwa akanivuta koti.

"Hatuwezi kuingia kwa watu tunasukuma kinga kama wauza ndizi. Tupande mpaka barabara ya juu, halafu tushuke tumekaa, mumoja mumoja, kwa heshima."

Nilitaka kusema neno. Lakini nilikuwa nimeshaanza kunyamaza.

Wakashuka. Wallahi walipendeza, wazee wangu, kanzu wamezifungua zinapepea, mmoja mmoja wanakata kushoto na kuingia getini, na kutoka ndani nasikia vigelegele. Zamu yangu ikafika. Mlima ulikuwa mkali kuliko nilivyofikiri, na nimewaambia kwamba ufundi wangu ulikuwa wa polepole. Nikalikaribia geti, nikapanua magoti, nikageuza, usukani ukagonga goti la kushoto ukarudi. Nikajaribu tena. Goti likakataa tena. Hapo nikafanya ambalo mtu yeyote angefanya, nikakanyaga mguu chini na kujisukuma nyuma nikiwa nimebana breki, na lile bomba la maji la Kasimu, ambalo lilikuwa limevumilia tangu adhuhuri, likapinda. Kiti kikatazama mbinguni. Nikateleza nyuma mpaka nikakalia tairi, na tairi lile, kama nilivyosema, lilikuwa na meno.

Sitaeleza sauti ya suruali. Ila fikirieni jambo hili: sasa niko nyuma, mikono imenyooka, magoti hayapo tena kwenye usukani, kwa hiyo baiskeli ikapata kwa mara ya kwanza uhuru wa kukata kona. Ikakata. Kushoto, vizuri kabisa, tukiwa tumeshalipita geti.

Tukapita kwenye ua wa maua. Tukatokea upande wa pili. Nikaiona nguzo ya pembeni ya shitingi, nikaitazama, na nguzo nadhani ilinitazama, tukakutana.

Turubai lote likawashukia watu wa Mzee Hamisi. Na kwa kuwa miaka ile ukisikia kishindo huulizi, unalala chini kwanza, wote walilala chini, mashangazi, wajomba, wazee wenye tasbihi, uwanja mzima ukawa mabonge chini ya plastiki, na sauti moja tu nyembamba inauliza, "Ni bomu?"

"Ni mukwe," akajibu Baba Mkubwa Yusufu.

Nilifanya ninalolijua. Nikasimama, nikashika pembe ya shitingi, nikainua juu kwa mikono miwili. Watu wakatambaa, wakajipangusa, wakarudi vitini. Msemaji wao, Mzee Bakari, kaka mkubwa wa Mzee Hamisi, akaitazama nguzo iliyovunjika vipande viwili, akanitazama mimi kutoka chini hadi juu (ilichukua muda), akaona mikono yangu inafika pale pale nguzo ilipokuwa inafika.

"Hatuna nguzo ingine," akasema. "Abaki hapo."

Nikabaki hapo. Na ili muujue ukweli wote, nilishukuru, maana mgongo wangu ulielekea kwenye maua, na upepo wa Kiriri ulikuwa unaingia mahali ambapo upepo haualikwi.

Shughuli ikaanza. Mimi nimeshika turubai.

"Tumeona wageni wameingia kwa mulango," akasema Mzee Bakari. "Tumeona na mwingine ameingia kwa maua. Naye ni wenu?"

"Ni wetu," akasema Baba Mkubwa, na nikamwona anavuta pumzi. "Kijana ana adabu. Hakutaka kusumbua mutu."

"Na nguzo yetu?"

"Alisikia imechoka. Amekuja kuishika yeye."

Watu wakapiga makofi, hata wa upande wao.

"Na mbona hakai kama wenzake?"

"Hawezi kukaa mbele ya wakwe kabla hajapewa muke."

Ndugu zangu, mzee yule alikuwa anaongea asali! Nikaanza kuamini kwamba tutapona. Kwenye dirisha la sebuleni nikamwona Zaituni na wasichana wenzake, amejiziba mdomo kwa mtandio, mabega yanatikisika kwa kicheko, nami nikatabasamu kidogo, kadiri nguzo inavyoruhusiwa.

Hapo Mzee Hamisi akainama akamnong'oneza kaka yake. Alinong'ona kwa muda. Mzee Bakari akakohoa.

"Mwenye mutoto anauliza. Kinga ile, kijana ameichagua mwenyewe?"

"Mwenyewe," akasema Baba Mkubwa.

"Hakuna mutu alimulazimisha?"

"Apana."

"Basi anauliza hivi. Mutu murefu namna ile, amechagua kinga fupi namna ile. Mutu anayeshindwa kuchagua kinga inayomutosha, amechaguaje muke?"

Baba Mkubwa Yusufu akakwama. Tangu nizaliwe sijawahi kumwona mzee huyo amekosa neno, aliwahi kubishana na mvua ikakatika, na sasa anatazama viatu vyake. Nikatazama dirishani. Zaituni hakuwa anacheka tena. Alikuwa ameushusha mtandio na ananitazama, na nilimwona anaogopa, na mimi nikaogopa kuliko nilivyoogopa kule mlimani, kwa sababu swali lilikuwa la haki. Mimi ningekuwa na binti ningeuliza hilo hilo.

"Mzee," nikasema.

"We nguzo, nyamaza!" akasema Baba Mkubwa.

"Mzee, kinga niliichagua ili watu wasinicheke. Zaituni nilimupenda siku duka zima lilikuwa linanicheka, na sikutaka kutoka."

Ilikuwa ni hayo tu. Shitingi lote likawa linatetemeka juu ya vichwa vyao, kila mtu akawa anaona hofu yangu hata kama haangalii uso wangu.

"Faini!" akapiga kelele mtu fulani huko nyuma. "Bwana harusi ameongea!"

"Faini," akakubali Mzee Bakari. "Kreti ya soda."

Na hapo Mzee Hamisi akasimama mwenyewe, akasema kwa mdomo wake mwenyewe (akatozwa faini naye, na aliilipa): "Mutoto nimetoa. Lakini hataondoka hapa na mutu ambaye hajui kipimo chake. Jumatatu nashuka Buyenzi."

Vigelegele vikapigwa mpaka mbwa wa majirani wakajibu. Mimi sikuweza kupiga makofi wala kukumbatia mtu, nilikuwa nimeshika turubai, na machozi yalinitoka nikiwa sina mkono wa kuyafuta.

Mngedhani aibu iliishia pale. Mimi pia nilidhani.

Jumatatu akashuka kweli, Mzee Hamisi, na koti lake la kazini, tukaenda kwa Kasimu, na ile kubwa ya kahawia ilikuwa bado ipo (nani mwingine angeinunua?). Sasa mnajua wenyewe kwetu mkwe ni mkwe, hamkai mkeka mmoja, ukimsalimia unatazama chini, akipita unashuka njiani. Na Jumatatu pale sokoni panajaa watu.

"Vusha muguu," akaniambia. "Simama katikati. Visigino chini vyote viwili. Usijinyanyue."

Nikasimama, bomba la juu la kinga likiwa katikati ya miguu yangu. Na yeye, mzee mzima, mkwe wangu, mtu ambaye maisha yake yote amepima mizigo bandarini na haamini kitu asichokipima, akainama mbele ya Kasimu na wauza nyanya na wapita njia wote, akaingiza kiganja chake kati ya lile bomba na mimi.

"Kinga ya mulimani inataka nafasi ya kiganja hapa," akatangaza, kwa sauti ya kuitia meli, "ili siku mutu akiteleza asiangukie bomba akaninyima wajukuu."

Kasimu alilala juu ya matairi yake kwa kucheka. Wauza nyanya waliacha nyanya. Mimi nilisimama pale, visigino chini, natazama juu ya bango la duka la dawa, na Mzee Hamisi akathibitisha kipimo mara nyingine, kwa uhakika.

Ilinitosha. Nikaichukua, na Zaituni alikaa nyuma yake miaka mingi, na wajukuu walipatikana, kiganja kilikuwa sahihi. Lakini tangu siku hiyo nimeapa, nikiingia dukani, iwe suruali, iwe kiatu, iwe kitanda, nautaja urefu wangu kwa sauti kabla sijaulizwa, wacheke wanaotaka kucheka, maana nimeshajua kwamba ukiuficha kuna siku mzee wa watu atainama kuutafuta kwa mkono wake mwenyewe, na soko zima litakuwa linaangalia.